Susu Yangu, Mhalifu wa Kunde

Susu yangu, yaani nyanya mzaa mama, alikuwa mhalifu kwa karibu miaka 13 na hakuwa na habari.

Kosa lake ni hili. Kila mwaka kabla ya mvua ya Oktoba, majirani huja kwake Makueni na vikombe. Yeye hushusha kibuyu kutoka juu ya meko, hukung'uta majivu, na kuwapimia kunde za kupanda. Aliye na mayai analipa mayai. Aliye na hamsini analipa hamsini. Asiye na kitu anapimiwa pia, na akivuna anarudisha kikombe na nusu. Mama yake alifanya hivyo hivyo, na kijiji kizima kimekula majani ya kunde hizo tangu kabla sijazaliwa.

Sasa soma sheria. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2012, ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijathibitishwa kuwa kosa la jinai. Faini hadi shilingi milioni 1, au jela hadi miaka 2, au vyote viwili. Milioni moja! Uza mbuzi wote wa susu, ongeza kuku, ng'oa na mabati ya paa, hutafikisha hata robo.

Wakulima wadogo 15 hawakukubali. Mwaka 2022 walipeleka kesi Mahakama Kuu ya Machakos, na tarehe 27 Novemba 2025 Jaji Rhoda Rutto akaamua kwamba vifungu vile vinakiuka Katiba. Niliposoma habari hiyo kwenye simu nilimpigia susu. Nikamweleza polepole, na Kikamba changu hiki cha mtu aliyekaa sana Nairobi. Akanyamaza. Nikadhani laini imekatika. Halafu akauliza, "Kwani ilikuwa makosa?"

Swali hilo ndilo limenikalisha hapa kuandika. Maana wengi walioshangilia ile hukumu walishangilia kama ushindi wa utamaduni: urithi wa mababu, sijui vibuyu, sijui hekima ya wazee. Na wengi walionung'unika walisema sasa nchi itajaa mbegu mbovu. Hawa na wale wamekubaliana jambo moja bila kujua. Wote wanaamini susu ni mlinzi wa kitu cha zamani, na kwamba kazi ya kuboresha mbegu ni ya watu wengine, wenye koti jeupe na maabara.

Huo ni uongo, na ndio uongo uliozaa sheria ile. Susu ni mzalishaji wa mbegu. Anachagua, anajaribu, anatupa, anaanza tena. Ukimpiga marufuku asiuze kazi yake hujalinda mavuno ya mtu yeyote. Umemfukuza kazini mmoja wa watu wanaoyaongeza.

Najua unauliza mimi ni nani. Sina digrii. Nilisoma kilimo cha bustani chuo kikuu mpaka mwaka wa tatu, karo ikanishinda, nikatoka. Siku hizi naandika chochote kinacholipwa: maelezo ya viatu vinavyouzwa mtandaoni, hotuba za wazazi wa bibi harusi, na wakati mmoja, nakiri, kazi za darasani za watoto wa watu wenye pesa. Kwa hivyo usinichukue kama mtaalamu. Nichukue kama mtu aliyeketi darasani miaka mitatu, halafu akarudi nyumbani akakuta somo lile lile likiendelea bila yeye.

Mwaka niliotoka chuo nilimkuta susu katikati ya kunde na vipande vya kitambaa chekundu. Anafunga mmea huu, anapita kumi, anafunga ule. Nikamuuliza vya nini.

"Hii usichume majani," akasema. "Ni ya mbegu."

Nikaangalia. Kando ya boma kulikuwa na mimea mirefu, majani mapana kama kiganja, na hakuna hata mmoja uliofungwa kitambaa. Nikasema, susu, mbona umeacha ile mikubwa?

"Ile inakula mbolea ya mbuzi," akanijibu. "Ule ukubwa si wake. Ni wa mbuzi."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Chuoni tulikaa wiki nyingi kwenye jambo hilo hilo: kutenganisha kile mmea umerithi na kile umepewa na mahali ulipoota. Ukichagua mbegu kwa kuangalia ukubwa peke yake, unaweza kuwa unachagua mbolea. Unatakiwa kuchagua uliofanya vizuri pale ambapo wenzake wote wana shida ile ile. Mhadhiri alituchorea majedwali. Susu alinionyesha kwa kidole.

Na huchagua kwa sababu. Kwetu mvua huondoka bila kuaga, kwa hivyo yeye hufunga kitambaa mimea inayotoa maganda mapema. Ile inayopendwa sana na wadudu anaichuma yote ikaishia sufuriani. Kunde hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa, ndiyo maana alichokichagua msimu huu anakikuta msimu ujao. Malenge ni maneno mengine. Maua ya kiume na ya kike yako mbalimbali, na nyuki ndio wanaobeba chavua, kwa hivyo malenge ya mbegu anayapanda peke yake ng'ambo ya kijito, mbali na ya jirani. Nilipomuuliza kwa nini, alisema nyuki ni wambea, wanatoa habari huku wanapeleka kule. Misimu miwili kwa mwaka, zaidi ya miaka 40. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi amechagua. Watafiti wangapi wana jaribio la urefu huo?

Sasa niwaeleze kilichonipata mimi, msomi wa nusu, nilipoamua kumwonyesha susu kilimo cha kisasa.

Nilikuwa nimelipwa pesa ya kazi moja kubwa ya kuandika. Nikaenda kwenye nasari moja kando ya barabara kuu, yenye bango kubwa, wavu mweusi juu, na kijana aliyevaa fulana yenye picha ya papai. Nikanunua miche 60 ya mipapai kwa shilingi 100 kila mmoja. Niliambiwa ni chotara, mifupi, matunda matamu yenye nyama nyekundu, na kila mti utazaa. Kila mti! Susu aliigusa majani akauliza mama yake ni nani. Nikamwambia susu, hii ni ya kisasa, haina mama, ina kampuni.

Miezi sita baadaye ikatoa maua. Miti 27 ilitoa vishada virefu vinavyoning'inia, vyenye maua mengi madogo. Aliyewahi kuona mpapai dume ashajua. Hiyo haizai.

Hapa ndipo darasa lilinisaidia, ingawa kwa kuchelewa. Mpapai una jinsia tatu: dume, jike, na ule wenye maua ya pande zote mbili. Wakulima wa biashara wanautaka huu wa tatu, kwa sababu unajichavusha na tunda lake ni refu na sokoni linapendwa. Mti wa aina hiyo ukijichavusha wenyewe, mbegu zake hutoa takriban theluthi mbili kama wenyewe na theluthi moja majike. Madume hayatoki. Hata moja halitoki. Madume hutoka mbegu inapokuwa ya mti jike uliochavushwa na dume, kama mipapai inayojiotea nyuma ya choo. Kwa hivyo miti yangu 27 haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa ushahidi. Mtu alinunua mapapai ya kawaida sokoni, akala, akapanda mbegu, akaweka bango.

Nilirudi pale. Kijana wa fulana hayupo, risiti yangu haina hata jina la aina ya papai. Nikapiga simu ofisi moja, nikaelekezwa ofisi nyingine, nayo ikaniuliza kama niko na nambari ya kundi la mbegu. Ningeitoa wapi? Hakuna mkaguzi aliyekuja, na bango bado lipo.

Wewe unayesema sheria kali ndiyo itatulinda dhidi ya matapeli, nakuuliza: ilikuwa wapi siku hiyo? Sheria yenyewe ilikuwepo, na faini yake ya milioni. Kwa lugha ya sheria hiyo, "mbegu" ni pamoja na miche, vipandikizi na hata kitawi cha kuunganisha. Kwa hivyo ilimfikia susu, ikamfikia mzee anayeunganisha miembe kijijini, na ilipaswa kumfikia mwenye bango. Tofauti ni kwamba susu ukimkosea unajua nyumbani kwake. Akikupimia kunde mbovu, utamkuta kanisani Jumapili na mbele ya wanawake wote utamwambia. Mwenye bango anahamisha bango.

Lakini nisiwe mwongo kwa kumtetea susu. Nina ugomvi na upande wangu pia.

Kuna watu wa mjini wanaopenda kienyeji kama wanavyopenda picha ya machweo. Wanakula managu mara moja kwa wiki, wanapiga picha, wanasema chotara ni sumu. Hiyo ni story ya jaba. Chotara si sumu wala uchawi. Unachukua mistari miwili ya mimea iliyosafishwa kwa vizazi kadhaa, unaichanganya, na mtoto anatoka na nguvu kuliko wazazi wote wawili. Ukipanda mbegu za mtoto huyo, wajukuu wanatawanyika: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja hana kitu. Ndiyo maana unanunua kila msimu. Binamu yangu Kibwezi analima nyanya za chotara kwa maji ya pampu na anasomesha watoto. Yeye anajua anachonunua, ana maji, ana dawa, ana soko. Kwake hesabu inaingia. Kwa susu, ambaye maji yake ni mawingu, hesabu haiingii, na si kwa sababu ni mshamba.

Na mbegu ya kienyeji inaweza kuwa mbaya. Nimeona kunde zimetobolewa mpaka zimebaki maganda. Kitawi cha mti mgonjwa kinahamisha ugonjwa kwa miche mia. Watafiti wetu wamefanya kazi ambayo susu peke yake asingeweza. Pasheni ya zambarau hupandikizwa juu ya shina la pasheni ya manjano kwa sababu ya mnyauko unaoingia kwenye mizizi. Bila ujuzi huo mashamba mengi yangekufa. Mahindi ya Katumani yalizalishwa katika kituo cha utafiti hapo karibu na Machakos miaka ya 1960, yakatengenezwa yakomae kabla mvua haijakatika, na kwa kuwa hayakuwa chotara, mkulima aliweza kuweka mbegu yake mwenyewe. Serikali ilitoa pesa, mtafiti akafanya kazi, mkulima akapokea na kuendelea kuchagua. Nani alidhulumiwa hapo?

Susu mwenyewe si mtu wa makumbusho. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mwembe wa zamani wa maembe ya nyuzi, yale unayokula ukamaliza siku nzima ukichokoa meno. Mimi nilitaka ubaki. Nikaanza kumwambia habari za urithi. Akaniangalia kama mtu aliyepotea njia. "Mwanakwa, kata," akasema. "Mti si mzee wa kijiji."

Ndipo tukamwita yule mzee wa kuunganisha. Yeye hulipwa shilingi 10 kwa mche unaoshika, na usioshika halipwi. Kwenye mwembe wetu tulikubaliana naye kwa mti mzima: kuukata mwaka huo, na kurudi machipukizi yakishapata unene wa kuunganishwa. Nilimfuata mwezi mzima. Kitawi hukatwa kwenye mti uliozaa ukaonekana, unene wa penseli, macho yamevimba lakini hayajafunguka, na majani yake yalishapunguzwa wiki moja kabla ili nguvu ikae kwenye macho. Mche wa chini umeoteshwa kwa kokwa ya embe la kwetu, kwa sababu mizizi yake inajua udongo huu. Unakata, unapasua, unachonga kitawi kama kabari, unalinganisha ganda na ganda hata kama ni upande mmoja tu, unafunga kwa nailoni kabisa kabisa, unavisha mfuko. Baada ya wiki mbili au tatu unajua kama umefanikiwa au umechoma kuni. Mwembe wa kokwa unaweza kukungojesha miaka sita au zaidi. Huu, mitatu, na unajua embe gani linakuja. Panda kokwa ya Kent na hujui utapata nini. Unganisha kitawi cha Kent na utapata Kent.

Katika miaka mitatu ya chuo sikuwahi kushika kisu hicho. Nilifanya mtihani juu yake. Nilipata alama nzuri.

Mnaohubiri kwenye redio kila asubuhi kwamba vijana warudi shambani, nawauliza: turudi kufanya nini? Kununua miche ya bango? Maarifa ya kuongeza mavuno mmeyaweka mahali pawili: kwenye kipakiti cha bei, na kichwani mwa mzee ambaye sheria ilimwona mhalifu. Halafu mnashangaa kijana anabaki kwenye bodaboda.

Ngoja niwape habari ya mtu mwingine asiyekuwa na koti jeupe. Miaka ya 1920 huko California kulikuwa na mtu wa posta, Rudolph Hass, aliyenunua shamba dogo akapanda mbegu za parachichi. Mpango wake ulikuwa wa kawaida: ziote, kisha aziunganishe na Fuerte, aina iliyotamba wakati huo. Mti mmoja ukakataa. Alijaribu kuuunganisha mara kadhaa, kitawi kikafa. Alitaka kuukata, akashauriwa auache. Ulipozaa, matunda yakawa meusi yakiiva, ngozi ya mabakamabaka, hayafanani na kitu cha sokoni. Watoto wake ndio waliosema ni matamu. Mwaka 1935 akapata hataza ya mti huo.

Leo nenda Murang'a. Kila mparachichi wa Hass unaouona umeunganishwa juu ya shina la parachichi la kwetu, na kile kilicho juu ni kipande cha kipande cha kipande cha mti ule mmoja wa mtu wa posta. Mti wenyewe ulikufa mwaka 2002 kwa ugonjwa wa mizizi. Bado unazaa, huku kwetu, kwenye vilima vya chai.

Sijaileta habari hii ili tulie kwa furaha. Ina sehemu mbili na zote mbili zinauma. Ya kwanza: aina iliyoshinda haikutoka kwenye orodha iliyoidhinishwa. Ilitoka kwa mtu wa kawaida, mbegu isiyojulikana mama yake, na watoto wenye njaa. Mtu akiharamisha majaribio ya watu wa kawaida, anaharamisha Hass ijayo, na hatutajua tumekosa nini kwa sababu itakatwa kabla haijazaa. Ya pili: Hass alikufa mwaka 1952 akiwa amepata takriban dola 5,000 tu kutokana na hataza yake, maana watu walinunua mti mmoja, wakakata vitawi, wakajiendea. Kwa hivyo siwezi kusema mzalishaji asilipwe. Alipwe. Ninachouliza ni kwa nini tunapotaja wazalishaji wanaostahili kulipwa, susu hayumo.

Kenya iliingia UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda haki za wazalishaji wa aina mpya za mimea, mwaka 1999. Ili upewe haki hiyo, aina yako iwe mpya, itofautiane na nyingine, ifanane yenyewe kwa yenyewe, na isibadilike. Kunde za susu hazifanani kabisa, na hiyo ndiyo akili yake: mvua ikikatika mapema, baadhi zimeshazaa, ikichelewa, nyingine zinangoja. Kwa macho ya sheria, huko kutofanana ni kasoro. Kwa macho ya mtu wa Makueni ni bima. Mtafiti akija, akachukua kikombe kimoja, akaisafisha ikafanana, yeye ndiye mzalishaji. Susu ni mahali ilipookotwa. Darasani tuliita mbegu za namna hii malighafi. Niliandika neno hilo kwenye daftari bila kufikiria ni mali ya nani.

Huko Muguga kuna benki ya mbegu ya taifa tangu 1988, na ni jambo jema sana. Lakini mbegu nyingi zilizomo hazikuanguka kutoka mbinguni. Zilikusanywa kwenye mashamba na vibuyu vya watu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo cha Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia alitumia miaka mingi kutafiti mboga za kienyeji wakati wengi wakiziita magugu, na leo managu, mrenda na kunde ziko hata supamaketi. Huo ndio usomi ninaoutaka: unaoanza jikoni kwa mtu na kurudi jikoni kwake.

Tena Katiba ilishasema. Ibara ya 11 ya Katiba ya 2010 inalitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu na aina za mimea za kiasili, na matumizi yake na jamii za Kenya. Miaka miwili baadaye, Bunge hilo likapitisha marekebisho yanayomfunga mtu kwa kikombe cha kunde. Sijui walisoma Katiba gani.

Basi tufanye nini, maana kulalamika ni rahisi. Nchi jirani ya Tanzania ina daraja la mbegu za kuazimiwa ubora: mkulima mdogo anafundishwa, shamba lake linakaguliwa, na anaruhusiwa kuuza mbegu yake katika eneo lake. Si kamilifu, lakini inaanza na swali sahihi, yaani mbegu hii ni nzuri, badala ya swali hili mtu ana kampuni. Tuanzie hapo. Mkaguzi aende kwenye bango la barabarani kabla hajafikiria kibuyu. Kila shule ya msingi yenye mwembe iwe na kisu cha kuunganisha na mzee wa kukifundisha, na alipwe kama mwalimu, maana ni mwalimu. Na mtafiti akichukua mbegu kwa mtu, aandike jina la mtu, si jina la wilaya.

Hukumu ya Machakos ilitoa kufuli tu. Sheria nyingine inaweza kuandikwa kesho na watu wale wale wakiamini uongo ule ule, na susu hatakuwa ndani ya chumba. Wewe unayesoma hapa, mwenye diploma, mwenye simu, mwenye mbunge wa kumsumbua, pengine unamjua mwenye kibuyu wako. Nenda ukamuulize anachaguaje. Uandike. Usimwite mama mboga mwenye hekima. Muulize kama unavyomuuliza mhandisi.

Mimi nimeshaanza. Mipapai dume niliikata ikawa chakula cha mbuzi, nikaacha miwili tu kwa ajili ya majike yaliyotokea. Mwembe wa nyuzi tuliukata, ukachipua, na sasa una embe la apple juu ya shina la zamani. Na kabla ya mvua ijayo nitakaa sokoni siku ya Jumanne na beseni la kunde. Kikombe hamsini. Nimemwambia susu kwamba nitaandika jina lake kwenye kadibodi, jina lote, na chini yake: amezichagua kwa miaka 40.

Aliniuliza kama nina uhakika polisi hawatakuja.

Nikamwambia wakija, tutawapimia.